Darasa la sita: mtoto ananakili sana, lakini anajifunza saa ngapi?

Mtu akipita kando ya shule za msingi nyingi za Beni na Oicha saa tatu ya asubuhi, darasa la tano na la sita anayatambua bila kuingia ndani. Madarasa ya chini yanapiga kelele: watoto wanaimba silabi, wanahesabu kwa sauti, wanapiga makofi. Ya juu yamenyamaza. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wameinamisha vichwa, biki zinatembea juu ya kaye. Wazazi wanaupenda ukimya huo. Wanasema: hapo ndipo watoto wanasoma kweli.

Ukimya huo ndio ungepaswa kuwatia wazazi wasiwasi. Mara nyingi maana yake ni kwamba watoto wananakili, na kunakili si kujifunza. Mtoto anaweza kumaliza mwaka na kaye kumi zilizojaa, maandishi mazuri, vichwa vya masomo vimepigiwa mstari kwa rula na biki nyekundu, na bado asijue alichoandika. Akiulizwa, anasoma Kifaransa chake mbio mbio kama mtu anayevuka mto wakati wa mvua. Akiambiwa asimame aeleze mstari mmoja tu, anatazama chini.

Si kwamba walimu hawajui kazi. Yeyote aliyesomea ualimu katika inchi hii anajua somo la nusu saa linavyopangwa, na kila siku analiandika katika fishi ya matayarisho kabla ya kuingia darasani. Kwanza anakumbusha somo lililopita, anaamsha hamu ya watoto, anatangaza somo jipya. Kisha anachambua pamoja nao, na wanafanya ufupisho, ule unaoitwa sintezi. Mwisho ni aplikasio: mtoto anapewa zoezi alifanye mwenyewe, mwalimu aone kama somo limeingia. Mpango huo ni mzuri. Shida ni kwamba katika madarasa mengi sehemu ya mwisho imekufa. Sintezi inaandikwa ubaoni, watoto wanainakili, kengele inalia, somo lingine linaanza.

Kwa nini imekufa? Hesabu yenyewe inajibu. Tuseme darasa lina watoto 80, na katika maeneo yaliyopokea wahami wa vita darasa la namna hiyo halishangazi mtu. Mwalimu akisahihisha kaye moja kwa dakika moja tu, anahitaji dakika 80 kwa zoezi moja la somo moja. Hizo ni karibu masomo matatu mazima. Na mchana chumba kile kile kinasubiriwa na kundi la pili, kwa sababu shule nyingi zinasomesha kwa zamu mbili. Basi mwalimu anaamua kama binadamu yeyote angeamua: anaandikisha. Kunakili kunatuliza darasa, kunajaza kaye, na inspekta akifika anakuta kazi imefanyika.

Lakini darasa la sita halisubiri. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP: Kifaransa, hesabu, na maarifa ya jumla. Mtihani hauulizi kama kaye imejaa. Unampa mtoto swali lenye majibu kadhaa, achague moja, akiwa peke yake, bila Madamu kando. Mtoto aliyezoea kunakili mwaka mzima anakutana siku hiyo na kitu ambacho hakufundishwa: kuamua.

Dawa ya kwanza haihitaji pesa, na kuna walimu wanaoitumia tayari. Si lazima kila zoezi lisahihishwe na mwalimu. Watoto wabadilishane kaye, mwalimu afanye zoezi ubaoni hatua kwa hatua, kila mmoja amsahihishe jirani yake. Au watumie ardwazi: swali linatolewa, watoto wanaandika jibu kwa chaki, wanainua juu kwa pamoja, na mwalimu anaona kwa kutazama mara moja ni wangapi wamepotea. Ardwazi imeachiwa watoto wa darasa la kwanza kana kwamba ni kitu cha aibu kwa wakubwa. Kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi kinafanya kazi hiyo hiyo. Na nusu ukurasa wa sintezi unatosha mahali pa ukurasa mzima. Dakika kumi zinazobaki ndizo za zoezi.

Baada ya hapo kuna jambo la lugha, na hapa inafaa kusema wazi kile ambacho kila mtu anakijua. Watoto wa Beni wanaanza shule kwa lugha wanayoielewa, halafu Kifaransa kinachukua nafasi, na wakifika darasa la tano kila kitu ni Kifaransa: hesabu, jiografia, usafi, hata uraia. Mwalimu anaanza kwa Kifaransa. Anaona macho yamekufa. Anashusha sauti, anaeleza kwa Kiswahili au kwa Kinande, na darasa zima linapumua: aah! Lakini mgeni akibisha mlango, mwalimu anakatisha na kurudi haraka kwa Kifaransa, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Haibi kitu. Katiba inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inazitambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia na tena kama somo. Hakuna anayetaka Kifaransa kiondolewe darasa la sita. Mtihani uko kwa Kifaransa, sekondari iko kwa Kifaransa, na mzazi maskini ndiye wa kwanza kulipa deni ikiwa mtoto wake hakukijua. Ndiyo maana Kiswahili kinatakiwa kufanya kazi ya daraja, na kifanye hivyo waziwazi.

Mfano ni ule unaowatoa watoto jasho: kukubaliana kwa maneno katika sarufi ya Kifaransa. Kwa nini neno fulani linaongezewa herufi mbili mwishoni? Mtoto anajibu: kwa sababu mwalimu amesema. Lakini mtoto huyo huyo nyumbani hasemi "vitabu kimepotea". Anajua kitabu kimepotea, vitabu vimepotea. Kinande nacho kina mpango wake wa namna hiyo, na hakuna aliyemfundisha. Alinyonya pamoja na maziwa. Mwalimu akianzia hapo, akamwonyesha kwamba Kifaransa nacho kinataka maneno yafuatane, ila kinafanya kwa namna yake, nusu ya kazi imekwisha. Asipoanzia hapo, mtoto anafikiri sarufi ni amri za watu wa mbali.

Katika hesabu ni vilevile. Kanuni ya tatu, ile ambayo watoto wa darasa la sita wanaiogopa, inafanyika kila siku sokoni. Tuseme kilo 3 za kakao kavu zimeuzwa franga 36 000. Kilo 5 zitaleta ngapi? Mtoto wa Mbau au wa Oicha ambaye baba yake analima kakao hatatumia hata karatasi. Kilo moja ni franga 12 000, tano ni 60 000. Mpe hesabu hiyo hiyo kwa Kifaransa, na mita za kitambaa mahali pa kilo za kakao, atasema hajui. Anajua. Kinachomshinda ni njia ya kuingilia. Ari na hekta ni hivyo hivyo: watoto wanakariri kwamba hekta moja ni ari 100, wakati uwanja wa kuchezea mpira uko nje ya dirisha. Wakiupima kwa hatua na kamba, wakakuta mita 100 kwa 50, wataona kwa macho kwamba wanakimbia kila siku juu ya nusu hekta. Baba aliyeacha shamba lake Eringeti au Kamango anajua vizuri sana hekta ni nini, na darasa linaweza kumwita aje kueleza. Hilo lingempa mtoto wake kichwa cha kutembea nacho.

Na hapo habari inafika kwa mtoto wa familia iliyohama.

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia zimekimbia mara moja, mara mbili, nyingine mara tano. Zimetoka Mbau, Eringeti, Kamango, zimetoka upande wa Irumu kule Ituri, na baadaye nyingine zikatoka Lubero. Watu wanakimbia usiku. Mama anabeba mtoto mchanga, baba anamshika bibi mkono, mkubwa anabeba sufuria. Hakuna anayerudi ndani kutafuta buletini ya shule.

Miezi miwili baadaye, mama huyo anasimama mlangoni pa ofisi ya direkta pamoja na binti wa miaka 13. Alikuwa darasa la sita. Buletini iko wapi? Haipo. Shule ya kule inaweza kuthibitisha? Shule ya kule imefungwa, mwalimu wake naye amehama na hajulikani yuko wapi. Basi, anasema direkta, aingie darasa la nne, tutaona. Sauti si ya ukali. Mara nyingi direkta anafikiri anamsaidia.

Lakini ni nani aliyewahi kumwona msichana wa miaka 13 akikaa kwa amani kati ya watoto wa miaka tisa? Magoti yake yanagonga benchi. Wanamwita mama. Anasoma tena yale aliyoyasoma miaka miwili nyuma, na hata hayo anaonekana hayajui, kwa kuwa ameacha kuinua mkono. Baada ya muhula mmoja hafiki tena kila siku. Mara anachunga wadogo wakati mama yuko kwenye kibarua cha shamba, mara ni siku ya soko. Halafu hafiki kabisa, na baadaye kidogo watu wanasikia kwamba amepata bwana. Mvulana wa umri ule ule anaenda kusukuma mizigo au kuosha pikipiki. Mwingine anaenda msituni, na wote wanajua msituni kuna nani. Hakufukuzwa na mtu. Aliondoka mwenyewe, ndivyo itakavyoandikwa kwenye rejista.

Direkta naye asikilizwe. Shule yake inapimwa kwa matokeo ya darasa la sita. Akipokea watoto kumi waliokatisha masomo, na wakaanguka, jina linaloharibika ni la shule. Tena ofisi za juu zinamdai karatasi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kumrudisha mtoto miaka miwili bila hata kumuuliza swali moja si kupima, ni kubahatisha, na anayelipa ni mtoto.

Kupima kunachukua nusu saa. Asome kwa sauti aya moja ya Kifaransa, kisha aeleze kwa Kiswahili alichokisoma. Aandike dikte ya mistari mitano. Afanye hesabu tatu: ya kugawanya, ya sehemu kama nusu na robo, na moja ya sokoni. Mwalimu mwenye uzoefu, hata kabla ya hesabu ya mwisho, ameshajua mtoto huyu anakaa wapi. Na ni lazima kutofautisha mtoto asiyejua na mtoto mwenye tundu. Aliyekosa miezi sita amekosa sura fulani za kitabu. Zile za kabla anazo kichwani. Bati moja likitoboka, mwenye nyumba anaziba bati hilo, habomoi nyumba. Mtoto aingie darasa la umri wake au la karibu nalo, na tundu lizibwe: saa mbili Jumamosi, au mwanafunzi hodari wa mtaa mmoja naye akae naye jioni.

Kuna watakaosema kwamba mtoto aliyeona maiti hawezi kufuata somo la sehemu na desimali. Ni kweli kwamba wengine wanaruka mlango ukifungwa kwa kishindo, wengine wanalala juu ya benchi kwa sababu usiku hawalali. Mwalimu anayewachapa kwa hilo afikiri mara mbili. Naye huenda anaishi kwa ndugu baada ya kukimbia kwake. Lakini kwa watoto hao darasa ni kitu kimoja kati ya vichache vinavyofanana kila asubuhi: kengele, bendera, wimbo wa taifa, jina linaloitwa, jibu "niko". Kumnyima mtoto mgawanyo eti kwa huruma ni kumwongezea hasara juu ya hasara. Hata zile shule ambamo familia zinalala usiku na kukunja mikeka alfajiri ili masomo yaanze, watoto wa mikeka hiyo wanastahili kuwa wa kwanza kukaa, maana wao ndio wako karibu zaidi na ubao.

Kuhusu pesa, maneno machache yanatosha. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imetangaza kuitekeleza. Wazazi wanajua kwamba neno "bure" limejifunza kuvaa nguo mbalimbali: leo ni mchango wa chaki, kesho ni wa karatasi za mtihani, kesho kutwa ni wa walimu ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo, wale wanaoitwa NU. Mwalimu ambaye halipwi hawezi kula sheria, na serikali ndiyo inayopaswa kumlipa. Lakini kumtoa mtoto nje wakati wa zoezi kwa sababu ya franga hizo, na hasa mtoto ambaye familia yake inaomba chumba na chumvi, hilo kamati ya wazazi ina haki ya kulikataa, na inapaswa kulikataa kwa sauti kubwa kwenye mkutano. Kunong'ona njiani wakati wa kurudi hakumsaidii mtu.

Wazazi wenyewe nao wana kazi. Wengi wanasema: mimi sikusoma, nitamsaidia nini mtoto wa darasa la sita? Mzazi wa namna hiyo ana swali moja ambalo mwenye diploma mara nyingi anasahau kuliuliza. Jioni, mwanga wa simu ukiwa bado upo, amwambie mtoto afungue kaye na amweleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kile alichoandika leo. Ni hilo tu. Akieleza, amejifunza. Akikwama, wote wawili wamejua mahali, na kesho yake mtoto ana swali la kumpelekea mwalimu. Mtoto anayefika na swali anamsaidia hata mwalimu mwenye watoto 80, kwa sababu nyuma yake wako thelathini wenye swali lile lile walioona haya.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Covid-19, masomo yalipita redioni. Kuna wazazi walioshangaa kuona mtoto anafuata. Sehemu ya sababu ni rahisi: redio haina ubao. Mwalimu wa redioni hawezi kusema "nakilini". Analazimika kueleza, kuuliza, kunyamaza kidogo mtoto ajibu, kisha kuendelea. Kama namna hiyo iliwezekana bila kuwaona watoto, inawezekana zaidi ndani ya darasa ambamo anawaona.

Kuna jambo moja la haraka kwa familia zilizohama ambazo zina mtoto darasa la sita. Majina ya watakaofanya mtihani yanaandikwa kwenye orodha na kupelekwa kwa inspekta mapema, miezi kabla ya siku yenyewe. Mtoto aliyefika katikati ya mwaka anaweza kukaa darasani kila siku na bado asiwe kwenye orodha hiyo, au jina lake likaandikwa vibaya, baba kwa mahali pa babu, na cheti kikatoka kwa jina la mtu mwingine. Mzazi aende kwa direkta, aombe kuiona orodha, asome au asomewe jina la mtoto herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali alipozaliwa. Asiyekuwa na karatasi yoyote aende na shahidi kutoka kijiji kimoja naye, na mapema, kabla orodha haijatoka ofisini mwa shule.